Umande wa Tumbaku na Lawama za Uzembe

Kuzuia ajali na madhara kazini ni kuondoa hatari pale inapozaliwa, kabla haijamfikia mtu. Kanuni hiyo hukubaliwa kwa wepesi katika kila ofisi, kisha huachwa mlangoni. Inayotawala baada ya hapo ni fikra nyingine: kwamba mtu huumia kazini kwa uzembe wake au kwa kutojua kwake, na kwamba dawa ni semina, bango ukutani na jozi ya glavu. Uzembe usipoonekana, lawama hutupiwa bahati, na msemo wa kwamba ajali haina kinga hufunga mjadala. Fikra hiyo ni potofu. Imewaacha watu wengi wakiugua na kuungua bila sababu ya msingi, na upotofu wake unaonekana wazi kabisa Urambo, wilaya ya mkoa wa Tabora ambayo imeishi kwa tumbaku tangu miaka ya mwanzo ya 1950.

Urambo haikuanza kuwa mahali pa kazi kubwa na tumbaku. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mradi huo uliangusha miombo kwa matingatinga, ukaajiri vibarua kwa maelfu, na ukafa mwaka 1951 ukiwa umemeza takriban pauni milioni 36. Katika ardhi iliyokwisha kusafishwa Urambo ikajaribiwa tumbaku ya mvuke, nayo ikakubali. Mwanzoni ilikuwa kazi ya shirika na ya wakulima wakubwa. Baadaye ikashuka kwa mkulima mdogo mwenye ekari chache, familia yake, na vibarua wa msimu ambao wengi wao hutoka Kigoma na mikoa jirani. Badiliko hilo lina uzito mkubwa katika suala la usalama. Katika mradi wa karanga mwajiri alijulikana: alikuwa na ofisi na karani, na mtu akivunjwa mguu na mti ulioangushwa na tingatinga, hapakuwa na ubishi kuhusu kazi ile ilikuwa ya nani. Tumbaku ilipomfikia mkulima mdogo, mwajiri alitoweka machoni mwa sheria, ilhali masharti ya kazi yaliendelea kupangwa na watu wasioshika jembe.

Msimu wa tumbaku ni mrefu kuliko wa mazao mengi. Miche huoteshwa katika vitalu kabla ya mvua, huhamishiwa shambani mvua zinapotulia, kisha huja palizi, mbolea, dawa, kukata maua na kuondoa machipukizi. Majani huvunwa kwa awamu, kuanzia ya chini kwenda juu, kati ya Januari na Aprili, wakati ambapo Tabora bado inanyeshewa. Yakishavunwa hufungwa kwenye fito, huning'inizwa ndani ya bani, yaani chumba cha kukaushia, na kukaushwa kwa moto. Baada ya hapo hupangwa kwa madaraja, hufungwa marobota na kupelekwa sokoni kwenye chama cha msingi cha ushirika. Kila hatua ina hatari yake: shoka na mti unaoanguka upande usiotarajiwa wakati wa kukata kuni, bomba la dawa linalovuja mgongoni, jani bichi lililolowa, miti ya kukanyagia ndani ya bani, moto, vumbi la majani makavu, uzito wa robota. Hatari mbili kati ya hizo zinahitaji kuelezwa kwa kirefu.

Ya kwanza ni ugonjwa wa tumbaku mbichi. Nikotini huyeyuka katika maji. Jani likiwa na umande au mvua, nikotini huingia katika maji yaliyo juu yake, na maji hayo huipeleka hadi kwenye ngozi ya mvunaji: mikononi, kwapani anakobana mzigo wa majani, kifuani na mapajani nguo zinapolowa. Mililita 100 za umande wa tumbaku zimewahi kupimwa zikakutwa na hadi miligramu 9 za nikotini. Saa kadhaa baadaye mvunaji huanza kusikia kichefuchefu, maumivu ya kichwa na kizunguzungu. Hutapika, tumbo humsokota, mwili hulegea, mapigo ya moyo hubadilika. Hali hiyo huweza kudumu siku moja au mbili. Madaktari waliuandika ugonjwa huu mwaka 1970 kutoka kwa wavunaji wa Florida, Marekani. Mwaka 1992, katika kaunti tano tu za jimbo la Kentucky, wavunaji 47 walifikishwa kwenye vyumba vya dharura kwa ugonjwa huu, na 12 kati yao wakalazwa. Watu hao walihesabiwa kwa sababu waliowapokea walijua kuuliza walikuwa wakifanya kazi gani. Urambo, katikati ya mvua, mtu anayefika zahanati akiwa na kichwa kinachogonga, matapishi na mwili uliolegea aghalabu hupimwa malaria. Kipimo kikionyesha hana, hurudi nyumbani akiwa mzima kwa mujibu wa karatasi, na kesho yake huingia tena shambani.

Je, mvunaji huyo amezembea wapi? Wanaosisitiza uzembe hawana jibu la swali hili, kwa sababu jibu limo katika mpangilio wa kazi. Bani linatakiwa kujazwa kwa siku moja, ili majani yote yaanze kugeuka rangi pamoja na yakauke pamoja. Bani likijazwa nusu leo na nusu kesho, sehemu moja itaungua nyingine ikiwa bado mbichi, na daraja la tumbaku litashuka. Kwa hiyo ukubwa wa bani ndio unaoamua majani mangapi yavunwe siku ile, na idadi ya mikono iliyopo ndiyo inayoamua kazi ianze saa ngapi. Familia yenye bani kubwa na watu wachache haiwezi kusubiri jua likaushe umande. Lazima iwe shambani alfajiri, saa ambayo jani limebeba maji mengi kuliko wakati mwingine wowote wa mchana usio na mvua. Anayejituma ndiye anayeshika majani mengi, ndiye anayelowa zaidi, ndiye anayetapika jioni. Mvivu ndiye aliye salama. Nadharia ya ajali inayomlaumu mtu kwa kosa ambalo mtu mwenye bidii analifanya zaidi kuliko mvivu imekwisha kujikanusha yenyewe.

Hutolewa pia hoja ya mazoea: kwamba wageni ndio wanaoumwa, na mwili ukishazoea hakuna tabu. Ni kweli kwamba wavutaji wa sigara huonyesha dalili chache kuliko wasiovuta, kwa kuwa miili yao imekwisha kuzoea nikotini. Lakini kuzoea sumu hakuifanyi isiwe sumu. Mtu aliyeizoea ameacha tu kutapika, huku nikotini ikiendelea kupita kwenye damu yake. Isitoshe, msimu wa Urambo hutegemea watu wapya kila mwaka. Kibarua aliyetoka Kigoma kwa mara ya kwanza, mwanamke mjamzito anayefunga majani kwenye fito, mtoto anayebeba mafungu kutoka shambani hadi bani: hao hawana mazoea yoyote, na kazi haiwasubiri wayapate. Hoja ya mazoea, ikifuatwa hadi mwisho wake, ina maana kwamba kila mwaka kundi jipya sharti liugue ili tumbaku ivunwe.

Hatari ya pili ni bani lenyewe. Bani la tumbaku ya mvuke ni chumba kirefu kwenda juu, cha tofali au cha miti na udongo, kilichopangwa miti ya kulaza fito kwa ghorofa juu ya ghorofa. Anayepanga fito husimama juu, mguu mmoja kwenye mti huu na mwingine kwenye mti ule, akipokea kutoka chini ufito uliojaa majani mabichi mazito. Mara nyingi hana kamba wala ubao wa kukanyaga. Mti ukiwa umeliwa na mchwa tangu msimu uliopita, atajua wakati anaanguka. Bani likishajaa, moto huwashwa kwenye tanuri, na joto hupita katika mabomba yaliyotandazwa chini ya majani. Ukaushaji huchukua karibu wiki nzima. Huanza na joto la polepole la kugeuza rangi, hupandishwa hatua kwa hatua, na humalizikia karibu nyuzi 70 za sentigredi ili mshipa wa katikati ya jani ukauke. Moto huo hauzimwi usiku wala mchana, na sharti awepo mtu wa kuulisha kuni na kuangalia joto.

Jani kavu likidondoka juu ya bomba lenye moto mkali, bani huwaka, na lililo ndani huteketea kwa dakika chache: mazao ya wiki nzima, wakati mwingine pamoja na aliyekimbilia kuyaokoa. Swali la kwanza baada ya moto huwa ni nani alilala. Kulala kunakuwa kosa, na kosa linakuwa chanzo. Ila mtu anayelinda moto usiku ndiye huyohuyo aliyevuna alfajiri na kufunga fito mchana kutwa, na anafanya hivyo kwa usiku wa tatu au wa nne mfululizo. Mwili wa binadamu hauna uwezo huo, hata ukihimizwa vipi. Swali lenye manufaa ni kwa nini bomba halikuwa na wavu wa waya juu yake wa kudaka majani yanayodondoka, na kwa nini fito za ghorofa ya chini zilipangwa karibu na moto kiasi kile. Wavu huo hauchoki, hausinzii, wala hauhitaji kukumbushwa. Mtu aliyefundishwa mara kumi juu ya hatari ya moto bado atasinzia saa tisa usiku.

Kuhusu viuatilifu, maneno machache yanatosha. Utafiti wa wakulima wadogo wa mboga kaskazini mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2007 na watafiti waliokuwa pamoja na Aiwerasia Ngowi, ulikuta asilimia 68 ya wakulima wakieleza kwamba wamewahi kujisikia wagonjwa baada ya kupuliza dawa kwa namna ya kawaida. Zaidi ya theluthi mbili ya watu hawawezi kuwa wazembe kwa pamoja. Madhara yakiwafika watu wengi kiasi hicho, tatizo liko kwenye dawa iliyochaguliwa, kwenye bomba, na kwenye maandishi ya chupa yaliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma anayepuliza. Mkulima wa tumbaku hutumia mabomba ya mgongoni ya aina ileile, na kwa kawaida dawa anayoipuliza hakuichagua: imeletwa pamoja na pembejeo nyingine za msimu.

Fikra ya uzembe ina historia, na kuijua historia hiyo kunasaidia kuivua heshima isiyostahili. Mwaka 1931 H. W. Heinrich, mtumishi wa kampuni ya bima nchini Marekani, alitoa kitabu kuhusu kuzuia ajali viwandani, akadai kwamba ajali 88 katika kila 100 zinatokana na matendo ya watu yasiyo salama, 10 na mazingira mabovu, na 2 haziepukiki. Hesabu hiyo ikaenea duniani kote. Imefundishwa vyuoni, imebandikwa migodini na mashambani, na bado husikika katika mafunzo ya usalama ya leo, mara nyingi bila jina la aliyeianzisha. Kilichosahauliwa ni chanzo chake. Heinrich alitumia majalada ya madai ya bima na taarifa zilizoandikwa na wenye viwanda na wasimamizi wao. Msimamizi anayeandika taarifa ya ajali iliyotokea chini ya uangalizi wake ana njia mbili: aandike kwamba mashine haikuwa na kikinga, yaani ajishtaki mwenyewe na mwajiri wake, au aandike kwamba aliyeumia hakuwa makini. Asilimia 88 inaonyesha nani alikuwa na kalamu. Kuichukua kama sheria ya maumbile, kisha kuipeleka Urambo ambako hata msimamizi mwenye kalamu hayupo, ni kosa kubwa zaidi.

Wapo wanaodai kwamba kuhoji mpangilio wa kazi ni mambo ya viwanda vya Ulaya, na kwamba mwananchi wa huku anajua kazi ni taabu na huipokea ilivyo. Historia ya nchi hii inawakanusha. Urambo, makao ya mtemi Mirambo aliyefariki mwaka 1884, ilikuwa katika eneo la njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kuishia Ujiji. Kazi kubwa ya njia ile ilikuwa upagazi, na Wanyamwezi ndio waliokuwa mabingwa wake. Mwanahistoria Stephen Rockel ameonyesha kwa kina kwamba wapagazi hao walikuwa na desturi zao za kazi zilizoheshimiwa. Mzigo ulikuwa na kiasi chake, takriban frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu. Mwendo wa siku ulikuwa na mpaka wake, posho ilikuwa na kipimo chake, na mwenye msafara aliyezidisha aliona mizigo ikiwekwa chini na watu wakigoma au kutoroka. Wasafiri wa Kizungu waliandika malalamiko mengi juu ya ukaidi wa wapagazi. Ukiyasoma leo, mengi ya malalamiko hayo ni kumbukumbu za watu waliokuwa wakilinda migongo na miguu yao kwa kukataa mzigo kabla haujawaumiza.

Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora Septemba 1916, na pande zote za vita zilikusanya wapagazi, wengi kwa kulazimishwa. Walikufa kwa makumi ya maelfu katika Afrika Mashariki: kwa kuhara damu, kwa homa ya mapafu, kwa njaa na uchovu. Mzigo ulikuwa bado ni mzigo wa kichwani na begani, na miongoni mwa waliobeba walikuwamo watu wa jamii zilezile zilizokuwa mabingwa wa kazi hiyo. Hawakuwa wamesahau namna ya kubeba. Kilichoondolewa ni uwezo wa kusema mzigo umezidi. Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi kuliko huu kwamba usalama wa kazi hutegemea nani ana mamlaka juu ya masharti yake, na kwamba ustadi na uangalifu wa mfanyakazi, hata uwe mkubwa namna gani, hauwezi kuziba pengo la mamlaka hayo.

Hoja nzito zaidi ya wanaotetea fikra iliyopo ni ya kisheria. Mkulima wa Urambo, wanasema, amejiajiri. Hana mwajiri wa kumlinda, kwa hiyo kujilinda ni jukumu lake mwenyewe. Kwenye karatasi hoja hii ina nguvu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ilifuta sheria ya viwanda ya mwaka 1950 na kupanua ulinzi kutoka viwandani hadi mahali pengine pa kazi, na utekelezaji wake uko mikononi mwa wakala wa serikali, OSHA. Lakini muundo wake bado unamtafuta mwajiri: ndiye wa kusajili mahali pa kazi, kufanya tathmini ya vihatarishi, kutoa vifaa kinga na kupeleka watu kupimwa afya. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, huchangiwa na waajiri kwa kiasi kinachokokotolewa kutoka kwenye mishahara. Pasipo mshahara hakuna mchango, na pasipo mchango hakuna fidia. Jani la tumbaku likifika katika kiwanda cha kusindika Morogoro, anayelishika ana mwajiri, ana mkaguzi na ana mfuko. Jani hilohilo likiwa Urambo, bichi na lenye maji, wakati lina hatari zaidi kwa ngozi, anayelishika hana hata kimoja.

Hata hivyo, kuitwa aliyejiajiri hakumfanyi mtu awe huru. Mkulima wa tumbaku hulima kwa mkataba. Makisio ya kilo atakazouza yamepangwa kabla ya msimu. Mbegu, mbolea na dawa huletwa kwa mkopo kupitia chama cha msingi, na deni hukatwa siku ya mauzo. Namna ya kukata maua, ya kuvuna na ya kukausha huelekezwa na mabwana shamba, na daraja la jani huamuliwa na mnunuzi na mteuzi wa madaraja. Katika vyama vingi deni la mmoja ni deni la wote, kwa hiyo anayepunguza kasi kwa kuogopa umande anawatia wasiwasi hata majirani zake. Mtu ambaye kiasi cha kazi, vifaa vyake, mbinu zake, muda wake na bei yake vimeamuliwa na wengine hawezi kuambiwa kwamba usalama peke yake ndio ameachiwa uhuru nao. Anayepanga kazi ndiye anayepanga na hatari zake, na ndiye anayepaswa kubeba wajibu wa kuziondoa, iwe anaitwa mwajiri au mnunuzi. Hali ya kibarua ni mbaya zaidi. Yeye ana mwajiri kisheria, naye ni mkulima huyo mwenye deni, na mara nyingi hulipwa baada ya tumbaku kuuzwa. Akiungua Februari, hana mshahara, hana fidia, na hana nauli ya kurudi kwao.

Kampuni na taasisi nyingi hujibu kwamba tayari zinatoa elimu na vifaa kinga. Elimu ni kitu kizuri na hakuna sababu ya kuipinga, lakini kuifanya nguzo kuu ni kugeuza mpangilio juu chini. Wataalamu wa usalama kazini wanakubaliana juu ya daraja la hatua: kwanza ondoa hatari, isipowezekana weka kitu chenye hatari ndogo, kisha itenge hatari na mtu kwa vifaa na ujenzi, kisha badili ratiba na taratibu, na mwisho kabisa mvishe mtu kinga. Glavu ni ya mwisho kwa sababu inaiacha hatari pale ilipo na kuweka kitambaa kati yake na ngozi. Glavu ikichanika, au jasho likijaa ndani yake, kinga imekwisha. Koti la mpira katika joto la Februari humtoa mtu kwenye hatari ya nikotini na kumwingiza kwenye hatari ya joto kali mwilini, ndiyo maana wavunaji hulivua baada ya saa moja. Kitendo hicho nacho huandikwa kuwa uzembe.

Hali ni tofauti kabisa hatua za juu zinapoanza kutumika. Ufugaji wa nyuki, kazi nyingine kongwe ya Tabora, unatoa mfano. Mizinga ya magogo hutundikwa juu sana mitini, na warina asali hupanda usiku wakiwa na moto mkononi. Kuanguka ni hatari inayojulikana na kila familia ya wafugaji. Mzinga wa masanduku unaoning'inizwa kwa waya karibu na kimo cha mtu, huku waya ukimzuia nyegere, umeiondoa safari ya juu ya mti yenyewe. Hakuna mrina aliyehitaji kuhubiriwa uangalifu ili asianguke kutoka kwenye mti asioupanda. Katika tumbaku kinachofanana na hicho ni bani dogo zaidi, au mabani mawili madogo badala ya moja kubwa, ili jani la siku moja liweze kuvunwa kuanzia saa nne asubuhi umande ukishapungua. Kinachofanana nacho pia ni kuhamishia miche shambani kwa awamu ili mavuno yasiangukie wiki moja, kujenga ngazi na mbao za kukanyagia kuwa sehemu ya bani, na kutandaza wavu juu ya mabomba. Kinachofuata ni maji na sabuni pembeni mwa shamba. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2005 uliona kwamba kunawa kwa sabuni na maji kuliondoa takriban asilimia 96 ya nikotini iliyoganda mikononi mwa wavunaji. Pipa la maji, kipande cha sabuni na nguo kavu ya kubadilisha vinaweza kufanya kazi kubwa kuliko semina ya siku mbili mjini Tabora, lakini mara chache huonekana katika orodha ya pembejeo.

Hapo ndipo huja hoja ya gharama: kwamba wavu, mbao na pipa vitaongeza deni la mkulima, na kwamba mnunuzi akibanwa atakwenda kununua Malawi au Zimbabwe. Gharama zipo. Ila hoja hii inajifanya kana kwamba leo hakuna anayelipa, wakati malipo yanatoka kila msimu katika siku za kazi zilizopotea, vidonge vya malaria alivyomezeshwa mtu asiye na malaria, bani lililoteketea na mguu uliounga vibaya. Tofauti ni kwamba malipo hayo hutoka nyumbani kwa mkulima na kwa kibarua, kwa hiyo hayaonekani katika hesabu ya kilo. Yakiingizwa kwenye mkataba, bei ya jani itasema ukweli zaidi kuhusu kinachotumika kulizalisha. Kuhusu tishio la kuhama, hatari ya umande na ya bani iko kila nchi inayolima tumbaku hii, na hakuna nchi itakayoiondoa ikiwa kila moja inasubiri nyingine ianze.

Suala la watoto linaonyesha vizuri namna hatari zote hizi zinavyofungamana. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi hatarishi kwa aliye chini ya miaka 18, na mradi wa PROSPER, ulioanza mwaka 2011, ulifanya kazi Urambo na Sikonge kuwaondoa watoto mashambani mwa tumbaku. Mwili mdogo unaopokea kiasi kilekile cha nikotini hudhurika zaidi, na hilo peke yake latosha kuhalalisha katazo. Lakini mtoto huingia shambani kwa sababu ileile inayomtoa baba yake kitandani alfajiri: bani lazima lijae leo na mikono haitoshi. Mzazi akiambiwa tu kwamba anavunja sheria, hesabu ya mikono inabaki ilivyokuwa. Ukubwa wa bani na makisio ya mkataba vikilinganishwa na idadi ya watu wazima waliopo katika kaya, hitaji la mkono wa mtoto hupungua kabla mkaguzi hajafika.

Yanayohitajika Urambo hayasubiri sheria mpya, ingawa kuingiza wakulima wa mkataba na vibarua wao katika Mfuko wa Fidia kutahitaji marekebisho, na njia iliyo wazi ni mchango kukatwa kwa kila kilo inayonunuliwa na kulipwa na mnunuzi. Mkataba wa msimu unaweza kuandikwa vifungu vya wavu, ngazi, maji na sabuni kama unavyoandikwa vifungu vya mbolea, na vyama vya msingi, vinavyojadili bei kila mwaka, vina nafasi ya kuvidai katika kikao hichohicho. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu inaweza kudai kwamba dawa yoyote inayogawiwa kwa mkopo iwe na maelezo kamili ya Kiswahili kwenye chombo chake. OSHA inaweza kulihesabu bani kuwa mahali pa kazi na kulikagua kabla ya moto kuwashwa, Desemba na Januari, wakati miti mibovu bado inaweza kubadilishwa. Zahanati na vituo vya afya vya Urambo na wilaya jirani ya Kaliua vinaweza kuongeza safu moja katika daftari la wagonjwa, kazi aliyoifanya mgonjwa siku hiyo na ya jana yake, na kuijaza kwa kila anayefika akitapika au akiwa na kizunguzungu kati ya Januari na Aprili. Nakala ya safu hiyo ipelekwe kila mwezi kwa OSHA, kwa halmashauri ya wilaya na kwa chama cha msingi cha eneo husika, kabla ya makisio ya msimu unaofuata kusainiwa.